Mfuniko

Mazishi ni Jumamosi, na siku ile ilikuwa Jumanne.
"Bia gani iive kwa siku nne?" aliuliza mke wa kaka yangu,
mwana wa mji, mwenye imani na tarehe za kwenye makopo.
Ya huku huiva, nilimjibu. Sikuongeza neno.

Nilichemsha maji na matawi ya mreteni
mpaka jiko likanukia msitu ulionyeshewa,
nikayamimina juu ya shayiri iliyooteshwa, nikachuja, nikachemsha tena.
Kisha nikaitungua pete ya baba msumarini:
vijiti vilivyofumwa kama uti wa samaki,
na baina ya mifupa ile, hamira, kavu, ya kijivu,
aliyoirithi kwa mamaye, naye mamaye
aliomba konzi moja kwa jirani, mwaka ule yao ilipokufa.

Nikaizamisha katika joto la maziwa yatokayo kiweleni,
nikapiga ukelele. Ndivyo tufanyavyo huku Voss:
hamira hukaripiwa ili iamke na hasira.
Ukelele wangu ulitoka mrefu kuliko nilivyokusudia.
Sebuleni mtu akafunga mlango.

Kosa langu nalijua.
Baba aliacha nafasi ya viganja viwili juu ya pipa,
na mfuniko aliuweka tu, kama kofia ya mgeni asiyekaa.
Mimi nilijaza mpaka ukingoni, nikakaza kwa goti.
Nilitaka lisipotee hata tone.

Saa nane usiku, chini ya ngazi, bunduki.

Nilishuka pekupeku. Mfuniko ulikuwa umeipiga dari
ukarudi kifudifudi kwenye kapu la sufu.
Povu lilipanda, likajikunja, likafuata ukuta,
likamwagika taratibu, bila haya,
ndani ya viatu vya baba vya theluji
ambavyo tangu Ijumaa hakuna aliyethubutu kuvisogeza.
Nikakandamiza kwa viganja. Ebo! Nani huziba mdomo wa ng'ombe anayelia?
Likanitoka kati ya vidole, likanipanda hadi kwapani.

Sjur akatokea ngazini, na chupi na tochi tu.
Hatukuwa tumesemezana tangu habari ya kuuza malisho ya juu,
mwaka na miezi. Kimya kingi.
"Achia," akasema. "Eldrid, achia!"

Akakimbilia zizini, theluji mpaka magotini,
akarudi na mpira wa mashine ya kukamulia.
Tukachota, tukapunguza ndoo nzima.
Tukaurudisha mfuniko, mpira tunduni,
ncha ya pili ndani ya ndoo ya maji,
na pipa tukalizungushia magunia ya theluji lipunguze pupa,
si mengi, hamira hii ikipigwa na baridi hununa.
Bwaku, ikasema ndoo. Bwaku. Bwakubwakubwaku.

Tulikaa sakafuni, ndoo katikati, kama watu wanaoota moto.
Mapovu kwanza tuliyahesabu, baadaye tukayasahau.
Akanieleza deni lake, lote, hata lile la farasi.
Nami nikamweleza jinsi baba, siku ya mwisho,
aliniita kwa jina lake, Sjur, Sjur,
nami nikaitika.

Kulipokucha maji ya ndooni yalikuwa na utando mzito kama malai.
Hiyo ndiyo hamira yenyewe, iliyo kali kuliko zote,
iliyoshindwa kungoja.
Sjur akaileta pete. Tukaiviringisha humo mpaka ikanona,
tukaitundika pale pale msumarini.
Ikawa inadondoka, tone moja moja,
viatuni.
Hatukuvisogeza.